Noah moja, kisiwa kimoja, na swali la bibi

 

Najua nimepotea. Mitihani ilitukaba koo, madesa ya semesta hii yalikuwa mengi mpaka nikawa naota tarehe usingizini. Sasa tumemaliza, matokeo tumemwachia Mungu, na kama ilivyo kawaida ya mwanachuo ambaye boom limebaki kiduchu mfukoni, tumeanza kupanga safari tusiyoiweza.

Wazo lilitoka kwenye muvi. Si mnazijua zile za familia ya Kimarekani inayosafiri na gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humohumo ndani, wanafika kwenye hifadhi kando ya mto, wanapaki, wanachoma nyama, wanalala? Basi mshkaji wa chumba cha pili akasema hii kitu hata sisi tunaiweza. Tukamcheka sana. Halafu akasema mjomba wake ana Noah inayopiga ruti ya Shinyanga na Kahama, na mwezi ujao dereva anaenda kuoa, gari litakaa bure wiki nzima. Tukaacha kucheka.

Tuko sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Viti vya nyuma vinang'olewa, linaingia godoro, akina dada wanalala ndani na sisi tunalala nje kwenye mahema ya kuazima. Jiko la mkaa moja, sufuria mbili, mchele, dagaa, na unga wa kutosha, maana ukisafiri na Msukuma bila unga wa ugali umetafuta ugomvi. Mimi nimeahidi kuleta michembe na matobolwa kutoka nyumbani Tinde. Ramani ikachorwa nyuma ya karatasi ya majaribio: tunaanzia Shinyanga, tunashika barabara ya Mwanza hadi Usagara, tunakata kushoto kwenda Kigongo, tunavuka daraja la Busisi. Hilo daraja lenyewe ni sehemu ya utalii, lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo ungekaa Kigongo kusubiri kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yakuishe hamu. Baada ya hapo Sengerema, Geita, Katoro, Chato, halafu Muganza.

Na mwisho wa safari ni Rubondo. Aliyesema Rubondo ni mimi. Bibi yangu mzaa mama ni Mzinza, na hilo jina nimelisikia tangu mdogo likipitapita kwenye maongezi yake, kama mtu anavyotaja mtaa aliowahi kupanga. Sikuwahi kuuliza.

Sasa mnanijua, nikipewa jambo la starehe nalipeleka library. Nikaanza kusoma kuhusu hizo nyumba za magurudumu. Waingereza wanaziita karavani, na neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake msafara, ule wa wafanyabiashara na ngamia wao. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la kuvutwa na farasi lenye kitanda na jiko ili atembee tu kwa raha zake. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufanya hivyo kwa starehe.

Miaka hiyohiyo ya 1880, mitaa yetu hii ilikuwa na misafara ya ukweli. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa wanashuka pwani na meno ya tembo na kurudi na nguo, shanga na bunduki, kila mtu na mzigo wake wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kichwani au begani, kwa miezi. Mbele alitembea kiongozi. Wadau, hilo neno tunalowapa wabunge na marais lilikuwa kazi ya mtu wa kuonyesha njia kwenye msafara! Na kambi zao ndizo zilizonifurahisha: boma la miiba na vibanda vya nyasi vilivyoachwa na msafara uliotangulia. Unafika, unakuta, unalala, asubuhi unamwachia anayekuja. Hakuna kulipia.

Mwingereza Speke naye alipita kwetu. Julai 1858 alimwacha mwenzake Burton Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, akaelekea kaskazini na wapagazi, askari wa Kibaluchi, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Walipita Nindo na Salawe, hizohizo za Shinyanga Vijijini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa kule Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Nindo ameiandika kama nyika, pori la kupita haraka. Shangazi yangu ameolewa Salawe. Nilipomsimulia akasema, "Huyo mzungu wako hakusalimia watu." Weka hilo neno "pori" pembeni, nitalirudia.

Halafu kuna Stanley. Huyu alikuja na boti. Nasema kweli, boti ya futi 40 iliyokatwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka pwani hadi Usukuma, wakafika ziwani Kagehyi tarehe 27 Februari 1875, wakaiunganisha wakaitia majini. Boti iliitwa Lady Alice, jina la mchumba wake wa Marekani. Aliporudi alikuta mchumba kaolewa na mwingine tangu Januari 1876. Ningemwonea huruma, ila huyohuyo Agosti 1875 alikirudia kisiwa cha Bumbire, ambako miezi michache nyuma walimnyang'anya makasia, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni mpaka wakafa makumi. Kwa hiyo hapana, sikumwonea huruma.

Nilipokuwa nawasimulia wenzangu habari ya boti ya vipande, dada mmoja wa kwenye msafara akauliza kwa upole, "Sasa sisi boti ya nini?" Nikamwambia, ya kuvukia Rubondo. Kimya. "Kuvukia vipi?" Wadau, nilidhani kila mtu anajua kuwa Rubondo ni kisiwa! Wiki nzima tumepima godoro la Noah, tumegombana nani alale karibu na mlango, na kumbe Noah yenyewe inaishia mwaloni. Gari litabaki bara, sisi tutavuka na mahema. Mwenye mjomba alininunia siku mbili. Teh teh teh.

Basi nikampigia bibi kumuuliza kama kuna ndugu huko ufukweni anayeweza kulilinda gari. Naandika maongezi kama yalivyokuwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unakula?"

"Nakula bibi. Tunataka kwenda Rubondo na wenzangu wa chuo."

Akanyamaza kidogo. "Kumtembelea nani?"

"Hakuna mtu bibi. Tunaenda kupumzika tu. Kuangalia wanyama."

"Ndiyo," akasema. "Hakuna mtu."

Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka yangu 23 sikukijua. Kazaliwa hukohuko. Alikuwa binti wa miaka 14 au 15 walipohamishwa. Anakumbuka mtumbwi uliojaa, anakumbuka kuku waliofungwa miguu, anakumbuka jiwe la kusagia lililoachwa kwa sababu ni zito na mama yake akaliangalia mpaka wakakata kona. Na mdogo wake aliyekufa na surua amezikwa kule, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Aliyasema haya taratibu tu, huku nasikia anapepeta mchele. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya hosteli, na salio likaisha katikati.

Nikarudi library, safari hii si kwa kujifurahisha.

Mambo yako hivi. Rubondo ilikuwa na watu, Wazinza, wavuvi na wakulima. Mwaka 1965 kisiwa kikatangazwa pori la akiba, na katika miaka hiyo ya katikati ya 1960 wenyeji wakahamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Ukisoma vijitabu vya watalii, habari ya watu ni sentensi moja, mara nyingi ipo katikati ya idadi ya ndege na maelezo ya hali ya hewa.

Kilichofuata baada ya watu kuondoka ndicho kilichonifanya nifunge kitabu na kwenda kunywa chai. Kulikuwa na profesa Mjerumani, Bernhard Grzimek, wa Frankfurt, yule aliyetengeneza filamu ya Serengeti ya mwaka 1959 iliyopata tuzo ya Oscar, na ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Ngorongoro Januari mwaka huohuo. Wazo lake na wenzake lilikuwa kukifanya kisiwa kuwa kimbilio, mahali ambapo wanyama walio hatarini bara wangeletwa waishi kwa amani kwa kuwa maji yamewazunguka. Safina ya Nuhu kabisa. (Na sisi tunaenda na Noah. Sikulipanga hilo.)

Kwa hiyo wakaletwa sokwe. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiwa Rubondo. Walikuwa wametoka wapi? Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi! Wengi walikamatwa wachanga Afrika Magharibi, wakauzwa Ulaya, wakakaa kwenye vizimba kwa miaka, ndipo wakavushwa bahari kuja kuachiwa kwenye kisiwa cha Ziwa Viktoria ambako hakujawahi kuwa na sokwe. Hawakufundishwa lolote. Hakuna aliyewaonyesha tunda lipi linalika. Madume wawili waliwashambulia binadamu, wakapigwa risasi. Waliobaki wakajifunza wenyewe, wakala majani na matunda ya pale, wakajenga viota, wakazaa, na leo ukoo wao ni makumi. Nakiri nilipenda hii habari. Ina kitu ndani yake, mnyama wa sarakasi anajifunza upya kuwa mnyama wa msituni bila mwalimu.

Wakaletwa pia vifaru, ambao majangili waliwamaliza. Wakaletwa twiga. Wakaletwa mbega weusi kwa weupe. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakaletwa tembo. Mwaka 2000 wakaachiwa kasuku wa kijivu waliokuwa wamekamatwa mikononi mwa wafanyabiashara. Hata huyo sangara watalii wanayekuja kumvua kwa ndoana, naye ni mgeni, alitiwa kwenye ziwa hili miaka ya 1950. Wenyeji halisi wapo, viboko, mamba, pongo, na nzohe, yule swala wa kwenye matope. Lakini nilipochora orodha kwenye daftari, safu ya "walioletwa" ilikuwa ndefu, na safu ya "walioondolewa" ilikuwa na kiumbe mmoja tu.

Na tazameni mwaka 1966 ulivyokuwa kwa pande hizi. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, uliokuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka huo. Vijana waliozoea mshahara wa mgodini wakarudi kulima pamba. Mwaka huohuo sokwe wa kwanza wanashushwa Rubondo, na ukoo wa bibi yangu unatafuta pa kujenga bara. Mgodi ulifunguliwa tena mwaka 2000. Dhahabu ikiondoka inarudi, watu nao huwa hivyo wakati mwingine. Bibi hakurudi.

Niliwapelekea wenzangu haya yote jioni tukiwa kwenye mihogo ya kukaanga, na moto ukawaka kweli. Dada mmoja akasema yeye haendi kulala juu ya kaburi la mdogo wake na bibi wa mtu. Mshkaji anayesoma mazingira akapinga, na hoja zake si za kudharau. Alisema ukitaka kujua Rubondo ingekuwaje bila hifadhi, angalia visiwa vingine vya ziwa hili vilivyojaa makambi ya uvuvi, tafuta msitu wenyewe, kama utauona. Maji yanayozunguka Rubondo hayavuliwi, kwa hiyo samaki wanazaliana pale, na samaki hao wanakamatwa baadaye na wavuvi wa Nkome na Muganza, wakiwemo wajukuu wa hao waliohamishwa. Akanigeukia, "Sato uliokula kwa bibi yako Krismasi, unajua alizaliwa wapi?" Sikuwa na la kujibu. Mpaka sasa nadhani ana haki kwenye hilo. Ninachokataa ni ile sentensi moja ya kwenye kijitabu. Mtu anaweza kukubali hifadhi ibaki na bado akataka kuambiwa jina la kijiji kilichokuwa pale.

Mwenye mjomba yeye akaona upenyo. "Basi tuachane na kisiwa, twende Burigi-Chato, Noah inaingia mpaka ndani!" Hifadhi ile ni mpya, ilitangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, kilomita za mraba zaidi ya 4,700, na kuna ziwa la ndani la kupendeza. Kwa mpango wetu wa gari la kulala ndiyo penyewe kabisa.

Hapo nikalazimika kuwaharibia tena. Mapori ya upande ule wa Uzinza na Biharamulo yana habari yake. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 malale yalipoingia, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa watu kwenye vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, ili mbung'o wasiwafikie. Dawa ilikuwa hiyo, kuhamisha watu. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na kuna walioponea hapo. Ila mashamba yaliyoachwa yakaota miti, miti ikaleta mbung'o zaidi, na baada ya kizazi kimoja anayepita anasema hili ni pori, halijawahi kukaliwa. Sisi wa Shinyanga tunapaswa kulijua hili kuliko wote, maana makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika nzima yalikuwa kwetu, chini ya Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kwetu walifanya kinyume, Wasukuma walikatishwa miti kwa maelfu ya ekari ili mbung'o wakose pa kukaa. Watu wakabaki, pori likaondoka. Ndiyo maana Shinyanga ikabaki na ule ukame wa vumbi mnaotucheka nao.

"Kwa hiyo hakuna mahali pa kupiga kambi Tanzania hii bila somo lako la historia?" akauliza yule dada. Nikamwambia Serengeti nako wafugaji wa Kimasai walihamishwa mwaka 1959. Akanirushia ganda la muhogo.

Tulipiga kura. Nne kwa mbili, Rubondo. Mimi nilipiga kura ya kwenda, na nataka niseme kwa nini, maana yule dada aliniambia mimi ni mnafiki. Kama sitaenda, hakuna kitu kinachobadilika kule, isipokuwa mimi nitabaki kuijua Rubondo ya bibi kwa simu inayokatika salio. Nataka kuona kama kuna migomba iliyobaki mwituni. Nataka nimuulize askari wa hifadhi, kwa adabu, vijiji vilikuwa upande gani. Pengine atanionyesha. Pengine mwenyewe babu yake alitoka hapohapo.

Jana nikaweka salio la kutosha, nikampigia bibi tena kumwambia tumeamua. Nikamwambia na yeye nafasi ipo. Kwa kweli nilisema kwa utani, kama tunavyotaniana siku zote, kwamba ataketi mbele kama bosi na dereva atampigia saluti. Ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua.

Hakucheka. Aliuliza boti inaondoka saa ngapi kutoka Kasenda. Akauliza kama ziwa huwa limetulia mwezi huo, kisha akajijibu mwenyewe kuwa asubuhi hutulia, upepo huanza mchana, kwa hiyo tusichelewe. Akasema atabeba kanga ya pili kwa ajili ya baridi ya majini. Akauliza hao wenzangu wa kike wana heshima? Nikasema wanayo. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu upya godoro kichwani, maana bibi hawezi kulala kwenye hema.

Halafu akauliza, "Na kiingilio ni kwa kila mtu?"

Nikasema ndiyo bibi, kila mtu analipa, raia wana bei yao nafuu.

"Na mimi nitalipa?"

Wadau, nilisoma karatasi ya bei mara mbili. Kuna bei ya watu wazima, kuna ya watoto, kuna ya wageni kutoka nje. Nikamwambia atalipiwa na mimi. Akasema si hilo alilouliza.

Tunaondoka Shinyanga Alhamisi ya wiki ya pili ya likizo, saa kumi alfajiri. Michango ya mafuta iishe Jumatatu, mwenye mjomba anawajua wasiolipa.